Mwacheni mla mfupa afanye kazi yake

Shangazi katuma kwenye kundi la familia ile video ya jamaa wa koti jeupe: "Kuna seli zinakula mifupa yako ukiwa umelala!" Kisha kopo la unga, eti wa kuzizuia, elfu arobaini na tano. Chini yake emoji za kulia, na mjomba anauliza kama unalipia kwa simu.

Seli anazozitangazia vita ni osteoklasti. Ndiyo, zinakula mfupa: zinajibandika, zinamwaga asidi, zinachimba kishimo. Lakini tazama mtoto anavyorefuka. Karibu na ncha ya mfupa kuna gegedu, ile tishu ngumu kiasi lakini laini kuliko mfupa, na gegedu halina mishipa ya damu. Lazima abomoe mtu kwanza ndipo mshipa upenye, na nyuma ya mshipa ndiyo waje mafundi wa mfupa mpya. Mwaka 1998 watafiti walieleza habari za panya waliokosa MMP-9, kimeng'enya cha kuvunjavunja tishu ambacho osteoklasti hukitoa kwa wingi: mishipa ilichelewa kuingia, gegedu likarundikana.

Kinachoniacha hoi ni utafiti wa 2014. Osteoklasti changa, ambazo hazijaungana kuwa lile jitu lenye viini vingi, hazijang'ata hata punje ya mfupa, tayari zinatoa protini ya PDGF-BB na kuiita mishipa ije. Panya ambao seli hizo zilinyimwa protini hiyo walipungukiwa na mishipa, na mfupa pia ukapungua. Umemnyamazisha mla mfupa, mfupa umepungua! Nani atamweleza jamaa wa kopo?

Mdogo wangu alivunjika mguu kwenye bodaboda. Hogo lilipotoka, picha ya eksirei ilionyesha nundu kama pingili ya muwa, mama akaanza kulia. Daktari akacheka: "Hiyo italika yenyewe." Ikalika. Walaji ni hawa hawa.

Haya, nakubali: kwa mama aliyekoma hedhi bomoabomoa huzidi ujenzi, na dawa za kuituliza zina kazi yake. Saratani ikiingia mfupani nayo huzichochea osteoklasti. Ila hapo unaandikiwa na daktari. Na wapo wanaozaliwa na osteoklasti zisizofanya kazi: mifupa mizito kama zege, inavunjika ovyo, uboho hauna pa kukaa.

Nimeyaandika yote haya kwenye kundi. Dakika mbili baadaye shangazi akajibu: "Sawa mwanangu. Ila makopo mawili nimeshalipia, moja lako."