Zege Kwanza, Mnyama Baadaye

Bustani ya wanyama ya mjini ikitangaza mwaka wa upanuzi, kinachokera ni kuona zege limeshamwagwa kabla hajaulizwa mtunza wanyama. Zege ni rahisi kuosha kwa maji, sawa. Lakini tembo akisimama juu yake kutwa, kucha hupasuka, nyayo huchubuka, na usaha hujikusanya chini ya kucha ambako kuutibu ni kazi ya miezi. Anachohitaji ni mchanga mnene, uliorundikwa upande mmoja ili aegemee akilala ubavu na kuinuka bila kujikwamua kwa shida. Nao ugeuzwe mara kwa mara, la sivyo mkojo unaushindilia ukawa mgumu kama lile zege lenyewe.

Bwawa la zege la pengwini la London Zoo, la mwaka 1934, wasanifu majengo wanalisifu mpaka leo. Pengwini walihamishwa 2004, nyayo zikiwa na maradhi. Mwaka 2011 wakajengewa ufukwe.

Bado michoro mipya inaanza na kioo cha watazamaji na mkahawa! Sakafu inaachiwa mkandarasi, naye humwaga alichozoea kumwaga.