Shangazi alivyoenda Kabwe kumchukua mtoto

Jamani hii kitu nimekaa nayo tangu mwezi wa saba, nilikuwa naona aibu kuisimulia ila Uyole nzima, huku kwetu Mbeya, wameshaijua na kila mtu ana ya kwake, juzi kuna mama kaniambia kwa huruma kabisa eti kasikia shangazi yangu alikamatwa na bunduki. Bunduki! Bora niseme mwenyewe ilivyokuwa.

Mimi na mume wangu tunasubiri mtoto. Sio mimba, mimba tuliisubiri miaka tisa tukaichoka na yenyewe ikatuchoka tukaachana kwa amani. Tunasubiri mtoto wa kuasili, wa kiume, mtoto wa marehemu binamu yake mume wangu aliyeolewa Zambia, na sasa hivi analelewa na bibi yake mzaa baba ambaye kazeeka sana, na huyo bibi ndiye aliyetuomba sisi. Sasa ingekuwa mtoto yuko huku kwetu si ungemchukua tu, unapanda naye basi na kifurushi chake cha nguo, ukifika nyumbani wewe ni mama, imeisha. Mimi mwenyewe nimelelewa na huyu huyu shangazi ninayetaka kumsema hapa na hakuna hakimu aliyejua. Ila yule ni raia wa kule, na pale mpakani Tunduma huvuki na mtoto ambaye si wako ukasema tu ni wa ndugu yangu, na ukifanya hivyo ukapelekwa ndani mi naona wamekutendea haki. Kwa hiyo ni mahakama kule, ustawi wa jamii huku, picha, barua, vyeti, alama za vidole. Za vidole zenyewe nilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu jana yake nilimenya ndizi za shughuli, mkungu mzima, mikono myeusi kwa utomvu, yule askari kaniangalia vidole kaniuliza mama wewe wino umeanza kujipaka nyumbani?

Huu mwaka wa pili sasa. Kusubiri mtoto wa makaratasi ni tofauti na mimba, mimba watu wanaiona wanakuachia siti kwenye daladala. Hii haionekani. Kitanda chake kidogo tulitengenezewa na fundi, kimekaa tu chumbani, mwanzoni nilikuwa nakifuta vumbi kila Jumamosi, baadaye nikaanza kuweka nguo za kupasi, mwisho nimeingia siku moja nakuta mume wangu kaanika vitunguu juu ya godoro la mtoto. Tuligombana siku mbili. Viatu nilinunua Mwanjelwa namba 25 nikijua mwezi ujao yuko hapa, bibi yake katuma picha mguu umeshavipita, nikanunua 27, navyo navitazama tu vinavyopitwa. Halafu tukitaka kuongea naye kwa video saa nayo inatuzunguka, wao wako nyuma yetu saa moja, na wakisema saa kumi wanamaanisha kumi ile ya asubuhi ya Kizungu, yaani saa nne yao, ambayo kwetu ni saa tano, mpaka nije nipige hesabu mtoto ameshakwenda kucheza.

Sasa tatizo lenyewe. Mtoto anakaa Kabwe.

Mtu wa Mbeya ameshaanza kucheka. Kwa usiyeijua Mbeya, hapa mjini tuna Kabwe yetu, pale barabara kuu karibu na Mwanjelwa, ukitoka Uyole unapanda daladala unapita Sae, Mama John, umefika. Ya Zambia nayo ni Kabwe hiyo hiyo kwa herufi, mji mkubwa upande wa kaskazini wa Lusaka, kutoka kwetu ni kama kilomita 1,000. Mume wangu ni dereva wa malori anaipita mara kwa mara, sisi ndani ya nyumba tukisema Kabwe tunajua ni ipi, majirani nao walishazoea mpaka wameanza kuniita Mama Kabwe. Haikuwahi kutupitia akilini kwamba kuna mtu anatusikiliza na hajui.

Shangazi alikuja kutoka Tukuyu wiki ile afisa wa ustawi wa jamii aliyosema atakuja kukagua nyumba. Nilimwita mwenyewe anisaidie usafi. Kaja na mkungu wa ndizi, maparachichi, na jogoo mmoja mwekundu mkali kama mwenye nyumba. Siku ya kwanza tu nilimsikia uani anamwambia jirani, hawa watoto sijui wana nini, mtoto yuko Kabwe hapo, nauli ya daladala, miaka miwili wanasubiri! Nilisikia kabisa. Nikajua anatania. Shangazi ni mtu wa utani sana, kwa hiyo hapo lawama nachukua.

Usiku wa kuamkia ukaguzi ndio mambo yakaharibika. Kule Kabwe ya Zambia palikuwa na mgodi mkubwa wa madini ya risasi na zinki, ulifungwa mwaka 1994 ila vumbi lake limebaki kwenye udongo mpaka leo, na watoto ndio linawaumiza zaidi maana wanachezea chini na mikono inaingia mdomoni, hivyo wanapimwa damu kuona risasi imeingia kiasi gani. Tulikuwa tunasubiri majibu ya bwana mdogo roho mkononi. Majibu yakachukuliwa na dereva mwenzake mume wangu, Mtanzania, alikuwa kapaki kule, akapiga usiku. Na mnajua mtu akipigiwa simu kutoka nje ya nchi anavyoongea, anapaza sauti kama anataka isaidie mtandao. Shangazi yuko chumba cha pili, kwenye kale kakitanda na magoti yamekunjwa, anasikia upande mmoja tu:

"Enhe! Risasi imeonekana? ... Kwenye damu! ... Ni ndogo? Ndogo eh? Haaa afadhali! ... Kwa hiyo hawampi dawa? ... Akishatolewa hapo Kabwe itashuka yenyewe taratibu? Sawa sawa! Mungu mkubwa!"

Kisha sisi wawili tukacheka kwa furaha, tukanywa chai saa tano usiku.

Hebu jiweke wewe nafasi ya shangazi. Mtoto wa miaka mitano kapigwa risasi, ni ndogo, iko ndani bado, hapewi dawa, inaachwa ishuke yenyewe, na wazazi wake watarajiwa wanacheka na kunywa chai.

Asubuhi naamka shangazi hayupo, jogoo hayupo, na kitenge chake kizuri hakipo. Baridi ya mwezi wa saba ile ya Uyole, nje ukungu huoni hata choo. Nikajua kaenda misa ya asubuhi na jogoo ni sadaka, nikaendelea kupiga deki.

Saa nne afisa kafika, dada mmoja mtulivu ana faili kubwa. Ukaguzi ulikwenda vizuri, hilo naomba niliseme maana hakuna anayelisimulia. Kaangalia chumba, kaangalia neti, kauliza jiko la mkaa tunaweka wapi usiku wa baridi, nikamwambia nje, akatikisa kichwa akaandika. Mume wangu tu ndiye alikuwa na wasiwasi, na akiwa na wasiwasi anatoa maarifa, hajaulizwa kitu kaanza kumwambia dada wa watu kwamba Kabwe zamani iliitwa Broken Hill na mwaka 1921 wachimbaji walikuta fuvu la mtu wa kale sana na fuvu lenyewe lilipelekwa London. Namkanyaga mguu chini ya meza, anaendelea. Mtu anakuja kuona kama unaweza kulea mtoto wewe unamwambia habari za mafuvu.

Yule dada kafungua ukurasa mwingine kasema sasa kuna maswali ya kawaida msijisikie vibaya. Akasoma. Je, kuna mtu yeyote katika familia hii, au anayeishi katika nyumba hii, aliyewahi kushukiwa au kukamatwa kwa jambo lolote linalohusu watoto?

Nikakaa vizuri kwenye kochi. Nikasema kwa sauti ya kanisani kabisa, "Hapana. Hakuna. Haijawahi."

Simu ya mume wangu ikaita, namba ngeni, na yeye kwa ule wasiwasi kabonyeza spika.

"Haloo, wewe ndio ndugu wa mama mmoja wa Tukuyu ana jogoo? Mimi mwenyekiti wa mtaa huku Kabwe. Tunaye hapa ofisini na askari wapo. Anazunguka nyumba za watu anaulizia mtoto wa kuchukua."

Kimya. Nyie kile kimya sijawahi kukisikia tena. Dada afisa kalamu iko hewani. Mume wangu akasema "Kabwe ya wapi?" na yule mwenyekiti akajibu, kwa haki yake kabisa, "Kwani ziko ngapi?"

Dada akafunga faili akasema twendeni wote. Tukapanda bajaji, yeye katikati yetu na faili mapajani, na nashukuru mume wangu safari hii fuvu aliliacha nyumbani.

Tulivyofika pale ofisini watu wamejaa kama wanagawa mbolea ya ruzuku. Shangazi yuko kwenye benchi, kitenge kimenyooka, jogoo kamfunga mguu wa meza ya mwenyekiti. Kumbe tangu alfajiri alishuka Kabwe akaanza kuulizia vijana wa bodaboda: namtafuta mtoto aliyepigwa risasi, anakaa kwa bibi yake, nimekuja kumchukua nimpeleke hospitali. Sasa wewe mwambie bodaboda mmoja kuna mtoto kapigwa risasi. Dakika kumi Kabwe nzima inatafuta mtoto aliyepigwa risasi, na mbaya zaidi watu wameanza kumkumbuka, mmoja anasema mlio aliusikia usiku, mwingine anasema hata damu iko pale kwenye mtaro. Askari wakaitwa. Askari wakauliza nani aliyeleta habari, wakaoneshwa bibi na jogoo.

Aliponiona tu hakunisalimia, na shikamoo yangu hakuipokea. "Ninyi ndio mnacheka mtoto ana risasi mwilini? Mnakunywa chai?"

Hapo mi ndio nikaelewa yote kwa mpigo mmoja, miguu ikaisha nguvu, nikakaa chini na kicheko kikanikamata na nilikuwa najua kabisa kucheka mbele ya afisa ustawi na askari wawili hakunisaidii ila hakikukubali kukaa. Ikabidi yule dada wa watu aeleze yeye.

"Mama, hiyo risasi sio ya bunduki. Ni madini."

"Madini yameingiaje kwa mtoto?"

"Yako kwenye vumbi, mama. Vumbi la Kabwe lina madini ya risasi, watoto wakichezea yanaingia kwenye damu."

Alivyosema vile tu akajua kakosea. Nyuma yetu dirishani pale mama mmoja mwenye mtoto mgongoni kauliza kwa sauti, "Ati vumbi la Kabwe lina nini?"

Jamani. Ile habari ilitoka pale dirishani ikafika barabarani kabla sisi hatujasimama. Watu wanawaita watoto ndani, mwingine anamvua mwanae viatu, mzee mmoja anadai alishasema zamani hili vumbi sio la kawaida. Dada afisa anapiga kelele sio Kabwe hii! sio Kabwe hii! mpaka utulivu wake wote ukamwisha, mwenyekiti akapanda juu ya kiti akatangaza kwamba Kabwe yenye risasi ni ya Zambia, narudia, ya Zambia, na anayetaka kuthibitisha aje amuulize huyu bwana ni dereva. Mume wangu alijibu maswali robo saa. Fuvu lilirudi.

Mi nilijua tumekwisha. Shangazi ndio kwanza anaona mambo yamenyooka, kamfungua jogoo, kapiga goti kamkabidhi yule dada kwa mikono miwili, "Ndaga fijo mwanangu, umetusaidia, huyu nilikuwa namletea yule bibi wa mtoto lakini naona yuko mbali." Mbele ya askari wawili. Mtumishi wa umma, ana faili letu kwapani, anakabidhiwa jogoo na mwombaji. Dada anarudi kinyumenyume anasema mama siwezi kupokea, kazi hairuhusu, shangazi anamfuata, unanikatalia jogoo mimi? nimekukosea nini? jogoo naye anapiga mabawa, karatasi za mwenyekiti zinaruka. Mwisho mwenyekiti akakohoa akasema basi kwa kuwa ofisi nayo imesumbuka, mtuachie sisi. Akabaki pale. Wakamwonja mchana huo huo nadhani.

Afisa alirudi nyumbani kwetu wiki iliyofuata kumalizia maswali. Pale kwenye swali la kukamatwa akaniangalia, nikamwangalia, akapindua ukurasa. Ripoti ilishatumwa, tumeambiwa imefika, tunasubiri tarehe ya mahakama kule.

Shangazi alirudi Tukuyu. Juzi kapiga simu, kasalimia vizuri, kauliza hali ya mtoto, kauliza lori la mume wangu linapita Kabwe lini, nikamwambia mwisho wa mwezi. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza pasipoti wanauza shilingi ngapi, na kama jogoo anahitaji ya kwake.