Heri Kasoro za PES 6

Siku hizi nacheza magemu matatu kwa zamu: PES 6 (Pro Evolution Soccer, gemu la mpira) ya mwaka 2006 kwenye laptop, eFootball iliyochukua nafasi ya PES kwenye simu, na Grand Theft Auto: San Andreas iliyofanyiwa ukarabati mwaka 2021. Yote yana kasoro. Lakini kasoro hazilingani, na kipimo changu kimekuwa kimoja: gemu likiwa bovu, nani ana uwezo wa kulitengeneza?

Nianze na PES 6, maana ndiyo iliyonilea. Konami, kampuni inayoitengeneza, hawakuwa na leseni za klabu nyingi za England, kwa hiyo Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea ikaitwa London FC. Mtaani hilo halikumsumbua mtu. Gemu lilikuwa na sehemu ya kuhariri, na palikuwa na vijana wenye subira ya ajabu: anakaa na pedi usiku kucha akiandika majina herufi moja moja, anachora nembo ya klabu kwa kujaza vidoti, anachagua rangi ya soksi, kisha anahifadhi kila kitu kwenye memori kadi. Kesho yake banda zima la magemu linacheza Ligi Kuu ya England yenye majina sahihi. Mwenye memori kadi ile alikuwa na heshima yake, na alistahili.

Halafu kuna Master League, sehemu ya gemu ambayo unaongoza klabu msimu baada ya msimu. Ukianza na kikosi ulichopewa na gemu, unakabidhiwa Castolo, Minanda, Ximelez na kipa Ivarov, watu ambao hawajawahi kuwepo popote duniani. Ni wazito, mguso wa kwanza unawashinda, na mechi za mwanzo unafungwa hadi unataka kuzima. Kabla ya kila mechi unatazama mishale pembeni ya majina: mwekundu ukielekea juu, mchezaji yuko moto; mshale ukielekea chini, leo hana kitu. Juzi Castolo alikuja na mwekundu. Nikampanga mbele peke yake, nikabana nyuma dakika zote, na kwenye kona ya mwisho akapiga kichwa kilichogonga mwamba na kuingia. Nilisimama! Gemu la mwaka 2006, mchezaji wa kubuni, niko peke yangu chumbani, na nilisimama kushangilia. Furaha ile inatokana na shida: pointi zako, ambazo ndizo pesa ya gemu, ni chache, mishahara inakusubiri mwisho wa msimu, na zikikosekana safari imeishia hapo.

Kasoro zake nazijua. Adriano, mshambuliaji wa Inter Milan, alikuwa na nguvu ya shuti 99, akipata nafasi ya mguu wa kushoto nje ya kumi na nane hakuna kipa. Banda letu lilitatua hilo bila kumwomba mtu: hakuna kuchukua Inter. Basi.

Sasa eFootball. Ilitoka bure tarehe 30 Septemba 2021, na picha za wachezaji wenye sura zilizopinda zikazunguka dunia nzima siku hiyohiyo. Konami waliomba radhi, na toleo kamili la 1.0.0 likaja Aprili 2022. Nataka kuwa mkweli kwao: uwanjani leo ni gemu zuri. Pasi ina uzito, beki akikosea hatua unamwona anavyohangaika kugeuka, na kulicheza bure kwenye simu ni neema kwa kijana asiye na hela ya pleistesheni. Napenda kulicheza.

Kinachoniuma ni yanayozunguka mechi. Ukitaka kucheza hata dhidi ya kompyuta, sharti uwe na intaneti. Seva ikiwa kwenye matengenezo, huchezi. Kikosi chako ni kadi za kuvuta kwa bahati, na wanaonunua sarafu wana bahati nyingi zaidi. Master League waliizungumzia tangu mwanzo, na hadi leo naandika haya haijafika. Sheria ya banda kama ile ya Inter haiwezekani hapa: kadi ikizidi nguvu, inakukuta mtandaoni wiki nzima mpaka wenye gemu waamue wenyewe.

San Andreas nayo ina kisa chake. Gemu la 2004 lilitumia ukungu kuficha mbali, maana PS2 haikuwa na uwezo wa kuonyesha nchi yote kwa mara moja. Ukungu ule ulikuwa kama pazia la mlangoni, nyumba ndogo inaonekana ina vyumba vingi. Toleo la 2021 lilipoliondoa pazia, ukipanda juu ya Mlima Chiliad unaona miji yote imekaa jirani, na safari tuliyoiona ndefu inageuka hatua chache. Mvua ilishuka kama nyuzi nyeupe mbele ya macho, mabango yakakosewa herufi, na baadhi ya nyimbo za redio hazikuwemo. Masasisho ya Novemba 2024 yamerudisha mwanga na ukungu wa zamani, na sasa linachezeka vizuri. Ila sisahau kwamba matoleo ya zamani yaliondolewa madukani mtandaoni kabla hili jipya halijatoka, na ya kompyuta yakarudishwa baada ya watu kulalamika sana. Mwenye diski yake ya PS2 hakuguswa na lolote kati ya hayo.

Ndiyo maana nawapenda vijana wanaoendelea kubadilisha magemu ya zamani ya PES ili yachezwe kwenye simu kupitia PPSSPP, programu inayoiga PSP. Wanaweka vikosi vipya, jezi za msimu huu, wengine hadi Simba na Yanga, na ukishapakua faili lako huhitaji bando tena. Ni kazi kubwa, na wengi wao hawalipwi.

Kwa Konami nina ombi moja. Tengenezeni Master League isiyohitaji intaneti, muiuze kwa bei mtakayoona inafaa, na mturudishie sehemu ya kuhariri kila kitu. Leseni zikiwashinda, tupeni Merseyside Red, tutaandika majina wenyewe. Nitalipa siku ya kwanza.