Ukuta Haujawahi Kusogea, Lakini Mapaja Yangu Yanajua

Siku kocha aliponiambia niegemee ukuta, nishuke mpaka mapaja yalale sawa kama mtu aliyekaa kwenye kiti kisichokuwepo, kisha nitulie hapo dakika moja, niliona ananipotezea muda. Mimi ni mtu wa vyuma. Zoezi kwangu lilikuwa kitu cha kupanda na kushuka, cha kuhesabu, chenye jasho la kuonekana. Sekunde 20 za mwanzo nilikuwa bado nacheka. Kwenye 35 hivi paja la kushoto likaanza kucheza lenyewe, bila ruhusa. Kwenye 50 miguu yote ilikuwa inawaka moto, na mikono ilishaanza kuteremka taratibu kwenda kujishikiza magotini. "Mikono kifuani," kocha akasema. Dakika sikuifikisha.

Mazoezi haya huitwa aisometriki, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "sawa" na "kipimo". Msuli unakaza, lakini urefu wake haubadiliki na kiungo hakiendi popote. Planki, ile ya kujinyoosha kifudifudi ukiegemea viwiko na vidole vya miguu, ni ya jamii hiyo, na kuning'inia kwenye bomba, na kusukuma ukuta. Ukimuuliza mwalimu wa fizikia atakwambia hujafanya kazi yoyote, maana kazi ni kani mara umbali, na umbali hapa ni sifuri. Ningependa aje alieleze paja langu hilo. Ndani ya msuli, nyuzinyuzi za protini zinaendelea kushikana, kuvutana na kuachiana muda wote, na kila mshiko unagharimu nishati, mzigo usogee usisogee.

Tena msuli usiosogea unaweza kutoa kani kubwa kuliko ule unaojifupisha kuinua mzigo. Kadiri unavyojifupisha haraka, ndivyo kani inavyopungua. Archibald Hill, mwanasayansi Mwingereza aliyechunguza misuli, aliliandikia hilo mlinganyo mwaka 1938. Ukisukuma kitu kisichosogea, kiwango cha juu unakiweka wewe mwenyewe. Hakuna chuma cha kukuangukia, na ukichoka unaacha tu.

Kwa nini basi watu wa jimu wanayadharau? Nadhani ni kwa sababu yaliwahi kusifiwa kupita kiasi. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Ujerumani, Hettinger na Müller, walitangaza kwamba kukaza msuli mara moja kwa siku, kwa sekunde 6 tu na kwa theluthi mbili ya nguvu zako, kunaongeza nguvu kwa takribani asilimia 5 kila wiki. Nani angekataa? Waliojaribu baadaye hawakuyaona makubwa hayo. Miaka ya 1960 huko Marekani ikawa vurugu kabisa: vyuma maalumu vya aisometriki viliuzwa kama muujiza, huku baadhi ya wanyanyuaji waliotolewa mfano wakiwa pia wanameza Dianabol, dawa ya steroidi ya kukuza misuli. Siri ilipofichuka, zoezi likaingizwa kwenye kapu moja na uongo uliolitangaza. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Mimi sisemi uache vyuma. Nguvu ya aisometriki huongezeka zaidi pale pale kiungo kilipokunjwa, na kidogo pembeni yake. Ukikaa ukutani goti likiwa digrii 90 kila siku, usitarajie kuwa imara vilevile mguu ukiwa karibu kunyooka. Wengi huuona huu kama udhaifu wa zoezi. Kwangu ndiyo faida yake kubwa, kwa sababu mtu haishiwi nguvu kila mahali. Anaishiwa mahali fulani. Pushapu zangu zilikuwa zinafia vidole vinne juu ya sakafu. Nikishuka nanasa hapo, kiuno kinalegea, najitupa chini. Nikaanza kushuka mpaka hapo hapo na kukaa, sekunde 10, napumzika, narudia. Baada ya wiki kadhaa pale paliponinasa nikawa napapita bila kupakumbuka.

Halafu kuna magoti. Kano iliyo chini ya pia ya goti langu la kulia huwa na kelele zake, na skwati, kule kuchuchumaa na kuinuka, zikizidi inaniadhibu ngazini kesho yake. Kukaa ukutani hakuichokozi. Mwaka 2015 mtafiti wa Australia, Ebonie Rio, na wenzake waliwapima wachezaji wachache wa voliboli wenye maumivu ya kano hiyo: mikazo 5 ya sekunde 45 ilipunguza maumivu, na nafuu ikadumu angalau dakika 45. Walikuwa watu 6 tu, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, kwa hiyo usiichukulie kama dawa. Ijaribu uone goti lako linasemaje.

Presha nitaitaja kwa kifupi, ingawa pengine ndiyo habari kubwa kuliko zote. Uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2023, uliokusanya majaribio 270, ulikuta aisometriki ikishusha namba ya juu ya presha kwa takribani milimita 8 za zebaki, wakati mazoezi ya kukimbia na jamii yake yaliishusha kwa karibu 4.5. Ratiba inayotumika sana ni dakika 2 mara 4, ukipumzika katikati, siku 3 kwa wiki. Lakini wakati umekaza, presha hupanda kwanza, na ukibana pumzi hupanda vibaya zaidi. Mwenye presha tayari aanze kwa kuzungumza na daktari wake.

Kubana pumzi ndilo kosa langu la kudumu. Dawa niliyoipata ni kuhesabu kwa sauti, maana huwezi kuhesabu huku umefunga koo. Siku hizi dakika 2 nazimaliza. Mpaka 80 nahesabu kama mwalimu wa darasa la kwanza. Ikifika 95 sauti inaanza kutetemeka pamoja na paja la kushoto, na mikono, ile ile, inaanza kuteremka kutafuta magoti.