Xeon ya 2014 au laptopu ya 2022? Hesabu ya mpima ramani wa Dodoma

Kijana anayefungua ofisi ya upimaji Dodoma siku hizi hupewa ushauri uleule kila anakouliza: nunua laptopu mpya, usiguse zile kompyuta kubwa za mezani za mtumba, zimepitwa na wakati. Ushauri huo una hoja zake, na nyingine ni nzito. Tatizo ni kwamba unatolewa kabla mtu hajaulizwa atafanya kazi gani. Kama kazi yenyewe ni kuunganisha picha za droni ili zitoke ramani ya viwanja vya Nala au Ihumwa, naamini ushauri huo unawapotezea vijana wengi pesa na muda.

Tuchukue mashine mbili zinazopatikana kwa urahisi. Ya kwanza ina prosesa (kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta) ya Intel Xeon E5-1650 v3 ya mwaka 2014, ile inayokuwa ndani ya kompyuta kama HP Z440. Ya pili ni laptopu yenye Core i5-1235U ya mwaka 2022. Muuzaji atakwambia zote zina nyuzi 12, yaani kila moja inaweza kushika kazi 12 kwa wakati mmoja, ila Xeon ina mwendo wa gigahezi 3.8 (mapigo bilioni 3.8 kwa sekunde) na laptopu 4.4. Ukiishia hapo, laptopu imeshinda, tena ni mpya.

Lakini hizo nyuzi 12 hazifanani. Xeon ina viini sita, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi, vilivyo sawa, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili. Core i5 ina viini kumi: viwili vikubwa vyenye nyuzi mbili kila kimoja, na vinane vidogo vyenye uzi mmoja mmoja, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kubana umeme. Hiyo 4.4 ni ya viini viwili vikubwa, tena kwa muda mfupi. Mwendo wa msingi, ule ambao Intel yenyewe inauandika kwa wati 15 za laptopu hiyo, ni gigahezi 1.3 kwa viini vikubwa na 0.9 kwa vidogo. Xeon mwendo wake wa msingi ni 3.5, na imepewa wati 140 za kuutunza.

Sisemi gigahezi za 2014 zina thamani sawa na za 2022. Kiini kikubwa cha sasa kinafanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo, na kwa kazi ya uzi mmoja Xeon inaachwa mbali. Ninachosema ni kwamba laptopu inapewa sifa kwa mbio za dakika ya kwanza. Inaruhusiwa kupanda hadi wati 55, joto linapanda, kisha inajishusha yenyewe. Kwa mtu anayefungua barua pepe na jedwali la bajeti, dakika ya kwanza inamtosha kabisa. Kuunganisha picha za angani ni kazi ya saa nyingi, na sehemu kubwa yake hutumia nyuzi zote kwa pamoja. Ongeza mchana wa Oktoba hapa kwetu, joto likifika nyuzijoto 30 na vumbi likiingia kila mahali, halafu fikiria kifeni chembamba cha laptopu. Vumbi linaingia hata kwenye ile kubwa, kwa kweli pengine zaidi, lakini unafungua ubavu wake kwa mkono, unapuliza, unafunga, huhitaji hata fundi.

Halafu kuna RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hushikilia kazi inayoendelea, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama bila kujua kilichowakwamisha. OpenDroneMap, programu ya bure ya kuunganisha picha za droni, inapendekeza GB 16 kwa picha 250 hivi, GB 32 kwa picha 500, na GB 64 kwa picha 1,500. Mtaa mmoja wa Nzuguni ukipigwa picha kwa umakini, picha 500 si nyingi. Laptopu nyingi za kundi hilo zinakuja na GB 8, mara nyingine zimechomelewa kwenye ubao na haziondoki. Prosesa yenyewe inakubali hadi GB 64, lakini mtengenezaji wa laptopu ndiye anayeamua nafasi zilizopo. Z440 ina nafasi nane. Tena inapokea zile RAM zinazotolewa kwenye seva zilizostaafishwa, ambazo bei yake ya mtumba ni ndogo kwa sababu hazifai kwenye kompyuta za kawaida. Na zinasahihisha zenyewe kosa la biti moja, jambo ambalo mtu anayekesha na kazi moja usiku kucha atalithamini.

Sasa LUKU. Hili ndilo linalowatisha watu kuliko yote: "Hiyo itakumalizia umeme." Tupige hesabu badala ya kutishana. Mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, akinunua LUKU ya shilingi 10,000 anapata uniti 28, yaani kama shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Tuseme mashine kubwa, pamoja na kadi ya grafiki na skrini, inavuta wati 250 ikiwa kazini, na kazi moja inachukua saa sita. Hiyo ni uniti 1.5, shilingi 534. Laptopu tuipe wati 40, na tuipe saa kumi kwa sababu imejishusha mwendo: uniti 0.4, shilingi 142. Kwa kazi kumi za mwezi, tofauti haifiki shilingi 4,000. Mteja mmoja wa kiwanja analipa zaidi ya hiyo.

Umeme hauliwi na kazi. Unaliwa na mashine kukaa bure. Tuseme inavuta wati 70 ikiwa imewashwa tu, na wenye ofisi hawaizimi usiku wala Jumapili. Mwezi mzima ni uniti 50, karibu shilingi 18,000, zaidi ya mara tatu ya gharama ya kazi zote kumi. Anayelalamika kwamba kompyuta ya zamani imemla LUKU, mara nyingi hakuizima. Laptopu inamsamehe mtu huyo, maana ukiifunga inalala. Kwa ofisi isiyo na nidhamu ya kuzima vitu, hiyo ni hoja halali ya kuchagua laptopu.

Hoja nyingine halali ni umeme kukatika. Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024 mgao wa kitaifa umepungua, lakini hitilafu za mtaani zipo. Laptopu ina betri. Mashine ya wati 250 kwenye UPS ndogo (betri ya akiba ya nje) inakupa dakika chache tu za kuhifadhi na kuzima. OpenDroneMap inaruhusu kuendelea kutoka hatua iliyokamilika, hivyo hupotezi yote, ila unapoteza hatua uliyokuwemo. Na huwezi kubeba Z440 kwenda Kondoa kuhakiki picha kabla droni haijaondoka eneo la kazi.

Iliyo nzito zaidi ni programu. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Xeon hii haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Kinachobaki ni Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. QGIS, programu ya ramani, na OpenDroneMap zinafanya kazi vizuri humo, lakini AutoCAD, programu ya kuchora michoro, haipo huko, na kwa vyovyote AutoCAD inategemea zaidi uzi mmoja, mahali ambapo laptopu inashinda wazi. Anayechora siku nzima anunue laptopu wala asisumbuke na maelezo yangu ya juu.

Kwa mtu mmoja anayefanya kila kitu peke yake na anayesafiri sana, nakubali laptopu, mradi ahakikishe ina vipande viwili vya RAM. Kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4-3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili vinapitisha 51.2. Ofisi ya watu wawili au watatu inayopokea picha kila wiki ningeishauri inunue Xeon, iweke Linux, iizime jioni isipokuwa pale ina kazi, na laptopu yoyote ya kawaida iende porini. Xeon hiyo ina njia nne za kupitishia data kati ya RAM na prosesa, jumla GB 68 kwa sekunde, lakini njia hizo hazifunguki zenyewe. Ukikuta muuzaji ameiwekea kipande kimoja cha GB 16, umepewa robo ya uwezo. Mwambie aweke vinne vinavyofanana, kila kimoja kwenye njia yake, kisha muiwashe palepale dukani mhakikishe inasoma GB 64 kabla hujalipa.