Fumbo la Muziki Lisilochekesha Silitaki

Kuna watu ukiwaambia wewe na marafiki zako mnategana mafumbo ya muziki wa klasiki kwenye simu wanakuangalia kama umesema mnacheza karata msibani, eti muziki ule ni wa kukaa kimya, mikono umekunja, hata kukohoa usikohoe. Mimi naona ni kinyume kabisa. Huu muziki umejaa utani tangu enzi hizo, na wanaousikiliza wamenuna ndio wanaokosa uhondo, na njia tamu ya kuuingia ni hii yetu ya usiku kila mtu yuko kitandani na simu yake, mmoja anarusha mstari mmoja tu halafu wengine wanaanza kubishana mpaka usingizi unakata.

Ila sio kila fumbo, hapo lazima tuelewane. Fumbo zuri ni lile ambalo jibu lake unalo tayari, umeshalisikia mara kibao, ila limevalishwa nguo nyingine ndio maana hulitambui. Ukiniuliza opera gani iliandikwa na nani mwaka gani, na huyo nani mwenyewe hajulikani hata mtaani kwao, huo ni mtihani, na wewe unataka tu tujue umesoma.

Juzi nikatupia hii: "Wanarusha miguu juu, sketi zinapepea, ila kila mmoja kabeba nyumba yake mgongoni."

Mshikaji mmoja mwenye haraka akajibu palepale: konokono.

Nikamuuliza konokono ana miguu?

"Anao mmoja."

Basi aurushe tuone.

Hapo ndio vikaanza vicheko, mwingine akasema hilo fumbo halina akili, mwingine akatuma voisi anahema kama konokono anayepanda ngazi, na huyu wa haraka akachoka akasema basi nakupa mji, chukua Vienna. Nikamjibu Vienna siitaki, nataka Paris. Na aisee pale kwenye Paris ndio dada mmoja ambaye muda wote alikuwa kimya akaandika kwa herufi kubwa: KOBE!!!

Kobe ndio jibu. Saint-Saëns, mtunzi Mfaransa, mwaka 1886 alipoandika Le carnaval des animaux (kanivali ya wanyama), kwenye sehemu ya kobe alichukua ile kan-kan ya Offenbach, dansi ya Paris ya kurusha miguu, ile ya mbio kutoka opereta yake Orphée aux enfers ya 1858, akaipunguza mwendo mpaka inakaribia kusimama, piano inadunda polepole huku violini zinajikokota na wimbo ambao kwa kawaida huwapaisha watu sketi. Ukiisikia bila kuambiwa unasema mbona huu wimbo kama naujua, unajikuna kichwa, halafu ukishtuka huwezi tena kuacha kucheka. Kwahiyo jamaa mwenyewe alishatutegea, mimi nimerudia tu kazi yake. Na cha kuchekesha zaidi aliandika yote hii kwa ajili ya kuwachekesha marafiki, akakataa isichapishwe akiwa hai asije akaonekana hana heshima, akaruhusu kipande kimoja tu cha yule ndege wa majini, Le cygne. Akafariki 1921, mwaka uliofuata ikachapishwa yote, na leo wengi wanamjua kwa utani ule ule aliouficha.

Mafumbo ya herufi ndio yamenichosha kidogo. Najua Wajerumani wanaita noti zao kwa namna ambayo jina la mtunzi Bach, B-A-C-H, linapigika kabisa kwenye piano, B yao ni B flati (iliyoshushwa kidogo) na H ndio B ya kawaida, na Shostakovich, mtunzi Mrusi, naye akajitengenezea D-S-C-H kutokana na jina lake akaijaza kwenye kwarteti yake ya nane (kazi ya wapigaji wanne) ya 1960, sawa, lakini kila mgeni akija kututegea anakuja na hizo hizo. Moja tu ndio ilinigusa, mtu aliandika: "Nilipoweka saini, kalamu ikaanguka." Ni Bach, ile sehemu ya mwisho ya kazi yake Die Kunst der Fuge inayokatika muda mfupi baada ya jina lake kuingia, na mwanawe akaandika pale kwamba baba alifariki alipofikia jina hilo. Wataalamu wanabisha kama ilikuwa hivyo kweli. Kwa fumbo haijalishi.

Sasa kuna mtu nina kesi naye, mtunzi Mwingereza anaitwa Elgar. Najua wapenzi wake watanijia juu. Kwenye Enigma Variations za 1899 aliwachora marafiki zake kimuziki, mpaka mbwa wa rafiki yake, bulldog anaitwa Dan, unamsikia anaporomoka mtoni, anaogelea, anatoka anabweka, hapo nampa maua yake yote. Lakini halafu akasema kuna wimbo mwingine mkubwa unapita juu ya kazi nzima ila haupigwi, hakusema ni upi, akafariki nao 1934. Na kabla ya hapo, 1897, alishamtumia rafiki yake Dora Penny barua ya alama 87 za vikunjo vikunjo ambayo mpaka leo haijapatikana tafsiri iliyokubalika. Mimi mtegaji wa hivyo simtaki kwenye simu yangu. Ukitega lazima utamani mwenzio apate, umpe kanjia hata kadogo, Bach kwenye kazi yake ya 1747 aliacha kanoni (nyimbo ambazo sauti moja inafuatwa na nyingine ikirudia yale yale) hazijamaliziwa akaandika kwa Kilatini kwamba tafuteni mtapata, huo ndio uungwana.

Na hawa wanaotumia programu za kutambua nyimbo naomba waache. Mtu anaimba kwa mdomo, sauti imekauka, wewe unaisogezea simu nyingine, unaleta jibu limekamilika na tarehe, kila mtu ananyamaza, mchezo umekufa. Bora uniambie konokono.

Haya, hii ya leo: bosi hataki kutoa ruhusa watu warudi kwa wake zao. Hawakugoma wala hawakuandika barua, walizima tu mishumaa mmoja mmoja wakaondoka, wakabaki wawili. Mji wowote napokea, ila Vienna bado siitaki.