Mwacheni avae anachotaka

Kuna picha moja nimeichoka. Bibi wa Kimakonde mwenye chale usoni, anatazama mbali, macho yamemlenga machozi. Nyuma yake hapana kitu, rangi ya udongo tu. Utaikuta Mji wa Kale wa Mombasa madukani kwa watalii, utaikuta ukutani hotelini Nyali, na siku hizi inazunguka kwenye simu ikiwa na maneno ya huruma kuhusu watu wasio na uraia. Aliyeichora ana mkono mzuri, hilo sibishi. Muulize tu bibi huyo ni nani, ni mama wa nani, anakaa wapi. Atakujibu: "Ni Mmakonde."

Mimi nataka wachoraji wa Mombasa wachore sura za Wamakonde, Wapemba, Washona na wenziwao waliokaa hapa miaka na mikaka bila karatasi. Tena wachore nyingi. Ninachokataa ni kumchagulia mtu mila ya kuvaa ndipo achorwe.

Tabia hii ina historia kwetu. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa mchoraji Joy Adamson kazi ya kuchora makabila ya Kenya. Alizunguka nchi miaka kadhaa, akatoa picha zaidi ya 500, na nyingi ziko mikononi mwa makumbusho ya taifa. Mama yule alijua kuchora, na ukitaka kuona shanga au vazi lililokwisha kutoweka, picha zake zina faida kubwa. Lakini haja yake ilikuwa kuyawahi mavazi na mapambo kabla hayajapotea, kwa hiyo mtu akawa kama kitu cha kuning'inizia mapambo hayo. Nami najiuliza: kama serikali ndiyo inayoagiza makabila yachorwe, yule ambaye serikali haimhesabu atachorwa na nani?

Wamakonde wetu walitoka Msumbiji, wengine kuanzia miaka ya 1930, wakaja kukata mkonge na kufanya kazi ya miwa kule Ramisi. Wengine waliwafuata baadaye wakikimbia vita. Watoto wakazaliwa hapa, wajukuu wakazaliwa hapa, na bado mtu ukimwambia Mmakonde wa Kwale ni Mkenya alikuwa anacheka. Mwaka 2016 walishika njia kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, na rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaamuru wasajiliwe. Washona, waliokuja na kanisa lao kutoka Zimbabwe, walifuatia mwishoni mwa 2020. Wapemba wakangoja mpaka 2023.

Kwa Wapemba ndiko roho yangu inauma zaidi, kwa sababu hao hata mpaka hawakuuvuka. Ukanda huu wa pwani, maili kumi kutoka baharini, ulikuwa kwa jina ni wa Sultani wa Zanzibar hadi 1963. Pemba ilikuwa yake, Mombasa yake, Vanga yake. Mvuvi aliyetweka tanga Pemba akaja kutia nanga Kilifi alitoka kwa sultani mmoja akafika kwa sultani huyo huyo. Wakubwa wakaketi, wakatia saini, bendera ikabadilika, naye akaamka mgeni. Tangu hapo akawa hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kutuma pesa. Leseni ya uvuvi alikuwa hapati, na akikutana na askari barabarani, mfukoni alikuwa hana cha kuonyesha.

Rafiki yangu mchoraji alikwenda Kilifi kumchora mzee mmoja wa Kipemba, nami nikamfuata kumbebea ubao. Alikuwa ameshaipanga picha kichwani: kikoi, kifua wazi, na nyuma dema za kuvulia samaki zimeegemezwa ukutani. Hata dema mbili alizisogeza mwenyewe, mzee akimtazama tu.

Mzee akaketi kitini. Akavua kofia, akanyoosha mabega, akainua kidevu, masikio yote mawili wazi. "N'kae hivi? Kama ya kipande?"

Kumbe picha ya kitambulisho ndiyo aliyoizoea. Amepigwa picha za fomu ujana wake wote, moja baada ya nyingine, na fomu zikawa hazirudi.

"La, babu, kaa upendavyo," rafiki yangu akamwambia. "Na nguo pia vaa upendayo." (Hili la nguo alilisema kwa adabu tu, nilimwona usoni.) Mzee akamwita mjukuu wake: "Nletee koti langu." Likaja koti la kijivu, pana mabegani, limekunjwa vizuri sana kwenye mfuko wa plastiki. Akalivaa juu ya kanzu, akarudisha kofia, akatulia. Kikoi kikafa pale pale.

Sasa, mikono ya wazee wa kazi haikai bure. Rafiki yangu hajamaliza kuchora paji la uso, mzee alikuwa ameinama akaokota dema iliyosukwa nusu, akaendelea nayo juu ya magoti, koti na yote. Anachomeka ufito wa mwanzi juu, chini, juu, anauvuta kwa dole gumba lenye ukucha mweusi, na tundu la pembe sita linajifunga lenyewe. Akifika kwenye mdomo, pale samaki anapoingilia, anapunguza mwendo na kuzikunja fito kuelekea ndani, ili samaki apite kuingia na ashindwe kutoka. Hajaambiwa na mtu aonyeshe mila. Rafiki yangu, nampa haki yake, alifuta alichokuwa amechora akaanza upya kuanzia mikononi.

Picha ile ndiyo ninayoitetea. Mpemba aliyevaa koti anasuka dema, na hakuna kati ya hivyo viwili kilicho cha uongo.

Halafu tusijifanye sisi ndio tumegundua kuchora watu. Wamakonde wana mapiko, vinyago vya kichwani vinavyovaliwa kwenye ngoma, na ndani ya vinyago hivyo wamo wageni wa kila namna: Mzungu na pua yake, Mwarabu na ndevu zake, wote wakichezewa na kuchekwa mbele ya kijiji kizima. Walikwisha kututazama zamani. Mchoraji anayekwenda Makongeni, kijiji cha Wamakonde kule Kwale, akidhani anakwenda kuwapa sura watu wasio na sura, ajue huenda yeye ndiye atakayechongwa.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kufungua rangi. Kwanza ni dini. Wapemba wengi ni Waislamu, na kuhusu kuchora kiumbe chenye roho masheikh wetu hawako pamoja. Atakayekubali picha ya simu anaweza kukataa ya brashi, na asisumbuliwe. Mikono peke yake yatosha, au mgongo wa mtu akisukuma ngarawa.

La pili ni zito zaidi. Wapo ambao hadi leo hawajapata kitambulisho, na sura ya mtu kama huyo kuwekwa ukutani na jina lake chini si heshima, ni kumtangaza kwa askari. Huyo aulizwe mara mbili, tena aulizwe kwa faragha, watoto na majirani wakiwa mbali.

Kuhusu pesa mimi na rafiki yangu bado hatujapatana. Hoteli moja imeitaka picha ile, naye anasema atampelekea mzee sehemu ya bei na mambo yaishe. Mimi nasema kwanza nakala yake ipelekwe Kilifi, mzee aione, aseme kama ndiye yeye, ndipo tuongee habari ya hoteli. Rafiki yangu anaona nachelewesha biashara. Mzee naye alipopigiwa simu aliuliza swali moja tu, kama koti limetoka vizuri.